Mswaki wa Mti Usukumani: Kazi ya Mkono na Kazi ya Dawa

Kuhusu mswaki wa mti katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania kuna kauli mbili zinazosikika sana. Ya kwanza inasema miti ya porini ni dawa kamili, na wazee walikuwa na meno imara kwa kuwa hawakuijua dawa ya meno ya dukani. Ya pili inasema kijiti ni mambo ya zamani, kazi yake ilikwisha siku brashi ya plastiki ilipofika gulioni. Kauli zote mbili zinaweza kupimwa, maana tangu miaka ya 1980 watafiti wa Afrika Mashariki na wenzao wa nje wamekuwa wakiichunguza miti hii midomoni mwa watu na katika maabara.

Uchambuzi huu unakusanya waliyoyapata na kuyaleta Shinyanga na Geita, mahali ambapo maji ya visima, zebaki ya machimboni na sukari ya kila siku vinaligeuza swali zima. Hoja yangu ni kwamba mswaki wa mti unafaa, lakini sehemu kubwa ya faida iliyothibitishwa inatokana na mkono unaousugua. Dawa iliyomo ndani ya mti ni ya kweli, ila inaelekea kuzisaidia fizi kuliko kuzuia meno kutoboka. Tusipotenganisha mambo haya, tutawaambia watu uongo wa aina mbili: kwamba mti unatosha, au kwamba mti haufai.

Ukoga unavyojengeka

Dakika chache baada ya mtu kusafisha meno, protini za mate huanza kulifunika jino upya. Juu ya ngozi hiyo nyembamba hujishika bakteria wa kwanza, kisha wengine hujishika juu yao, mpaka tabaka linakamilika. Huo ndio ukoga. Watafiti wamekwisha kutambua takriban aina 700 za bakteria katika vinywa vya binadamu, na nyingi hazina ubaya zikiwa chache na zimetawanyika. Ubaya huja zinapoachwa zikae pamoja kwa muda mrefu. Ukoga usipoondolewa, chumvi za mate huugandisha ukawa ugaga, na ugaga hauondoki kwa mswaki wa aina yoyote. Huondolewa kliniki.

Ukoga huleta maradhi kwa njia mbili, na tofauti yake ndiyo msingi wa hoja yangu. Njia ya kwanza ni ya kutoboka kwa meno. Bakteria kama Streptococcus mutans, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza na J. Kilian Clarke huko Uingereza mwaka 1924, hula sukari na kutoa tindikali. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya jino huanza kuyeyuka. Bakteria huyo pia hutumia kimeng'enya kuigeuza sukari ya mezani kuwa glukani, gundi inayomshikilia kwenye jino.

Njia ya pili ni ya fizi. Mwaka 1965 Harald Løe na wenzake wa Aarhus, Denmark, walichapisha jaribio lililobadilisha taaluma ya meno. Waliwaomba watu wachache wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya wiki tatu hivi wote walikuwa na uvimbe wa fizi. Waliporudia kusafisha, fizi zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Walipona kwa kuondoa ukoga tu, pasipo dawa ya kuua vijidudu.

Ukoga una tabia ya utelezi unaoota ndani ya pipa la maji: ukimimina maji mapya hautoki, na ukitia dawa juu yake hufa tabaka la juu tu. Lazima usugue. Kila jambo linalosemwa kuhusu kemikali za mimea lipimwe kwa ukweli huu.

Ushahidi wa mkono

Mwaka 1992 van Palenstein Helderman, Munck, Mushendwa na Mrema walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa Tanzania kulinganisha mswaki wa mti na brashi. Ulionyesha kuwa kijiti kinaweza kuondoa uchafu wa meno sawasawa na brashi. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshahimiza matumizi ya vijiti mwaka 1987 pale ambapo ni desturi na vinapatikana. Mkutano wa wataalamu wa usafi wa kinywa mwaka 2000 ukaendelea kukubali kuwa vinaweza kufaa, na ukataka utafiti zaidi.

Hayo si mambo madogo kwa mtu wa Kishapu mkoani Shinyanga au Mbogwe mkoani Geita. Brashi huchakaa na hutaka kununuliwa tena. Kijiti hukatwa, hutafunwa ncha mpaka nyuzi zikalainika, na kikichakaa ncha hukatwa ikatengenezwa nyingine. Hakihitaji maji, na kwa mchimbaji anayeshinda kwenye duara (shimo la kuchimbia) au karashani (penye mashine ya kusaga mawe), mbali na bomba, hiyo ni faida kubwa. Kwa kawaida mtu hukaa nacho mdomoni muda mrefu kuliko anavyokaa na brashi, na muda huo ni sehemu ya siri yake.

Kasoro nazo zipo. Kijiti kilichonyooka hufika kwa urahisi meno ya mbele na upande wa nje. Magego ya mwisho na upande wa ndani, unaotazama ulimi, hubaki nyuma. Utafiti uliofanywa kwa watumiaji wa miswak, kijiti cha mti wa Salvadora persica, huko Uarabuni ulionyesha kuwa kusugua kwa nguvu kunaweza kuzirudisha fizi nyuma, mizizi ya meno ikawa wazi. Mkono unaosafisha ndio huo huo unaoumiza ukikosa mafunzo.

Dawa iliyomo ndani ya mti

Mimea haina meno wala miguu ya kukimbilia, kwa hiyo hujilinda dhidi ya bakteria, kuvu na wadudu kwa kemikali. Baadhi ya kinga hizo hufanya kazi kinywani pia, na zinaweza kugawanywa kwa namna zinavyotenda.

Namna ya kwanza ni kuua. Mfano uliochunguzwa zaidi ni Salvadora persica, mti wa nyika kame ambao Waislamu wa pwani na wa Uarabuni wamekuwa wakiutumia kwa karne nyingi. Mwaka 2008 Sofrata na wenzake wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden waliona kwamba vipande vibichi vya kijiti hiki vilizuia bakteria hata viliponing'inizwa juu ya chombo bila kuwagusa. Maana yake kulikuwa na kitu kinachoruka hewani. Mwaka 2011 wakaonyesha kuwa ni benzili isothiosayanati, kemikali ya jamii ile ile inayoipa haradali ukali wake. Iliwashambulia sana bakteria wa kundi la Gram hasi, ambamo wamo wengi wa wale wanaobomoa fizi. Streptococcus mutans hakuathirika kwa kiasi hicho. Hapo ndipo ninapopata msingi wa kusema mti huu ni rafiki wa fizi kwanza.

Namna ya pili ni kumnyima bakteria gundi. Tanini na polifenoli, zilizo tele katika magome mengi machungu na katika majani ya chai, hujifunga kwenye vimeng'enya vinavyotengeneza glukani. Bakteria hubaki hai lakini hashiki vizuri. Mwarobaini, uliotoka bara Hindi na sasa ni mti wa kivuli katika miji na vijiji vya Shinyanga, ulipimwa Marekani na Wolinsky na wenzake mwaka 1996. Dondoo ya vijiti vyake iliwafanya streptokoki washikane wao kwa wao na kupunguza uwezo wao wa kunata kwenye madini yanayofanana na ya jino.

Namna ya tatu ni kuzima silaha. Bakteria wa fizi huharibu nyama kwa vimeng'enya vinavyokata protini. Homer, Manji na Beighton walichapisha mwaka 1990 na 1992 matokeo ya kupima dondoo za miti inayotumiwa Kenya kuwa mswaki, wakaona baadhi yake zinazuia vimeng'enya hivyo. Naona njia hii ina matumaini makubwa, kwa sababu haitaki kuangamiza bakteria wote wa kinywa, wema na wabaya.

Tanzania nayo ina kazi yake. Mwaka 2000 Khan, Ngassapa na Matee walichapisha vipimo vya vijiti vya Tanzania dhidi ya vijidudu vya kinywani. Miti ya jamii ya mdaa na jamaa zake wa Diospyros ina naftokwinoni, kemikali zilizo kali kwa vijidudu. Mlungulungu, ambao kitaalamu ni Zanthoxylum chalybeum na Wasukuma wanaujua vizuri kwa tiba, unatoka katika jamii ya miti yenye alkaloidi zinazozuia bakteria. Ndugu zake hutumiwa kusafishia meno kutoka Kenya hadi Nigeria.

Anayedhani haya ni mambo ya waganga peke yao aingie kliniki yoyote ya meno. Eugenoli, mafuta yanayoipa karafuu ya Pemba harufu yake, huchanganywa na oksidi ya zinki kutuliza na kuziba jino kwa muda. Dawa ya kusukutua ya Listerine, iliyobuniwa Marekani mwaka 1879, imejengwa juu ya thimoli, mentoli na yukaliptoli, kemikali zenye asili ya mimea. Zailitoli, sukari ambayo bakteria wa meno hawawezi kuigeuza tindikali, ilipata umaarufu kutokana na majaribio ya Turku, Finland, katika miaka ya 1970, na kwa muda mrefu ilitolewa katika miti ya huko.

Kutoka maabara hadi kinywani

Pamoja na hayo yote, njia kutoka kwenye chupa ya maabara mpaka kinywani ni ndefu. Bakteria anayeelea peke yake hufa kwa dozi ndogo. Akiwa ndani ya ukoga anaweza kuvumilia dozi kubwa mara nyingi zaidi. Mate nayo huosha dawa kila dakika. Ndiyo maana klorheksidini imekuwa kipimo cha kulinganishia dawa nyingine tangu Løe na Schiøtt walipoonyesha mwaka 1970 kuwa kusukutua nayo mara mbili kwa siku huzuia ukoga: hung'ang'ania meno na utando wa kinywa, ikaendelea kutenda kwa saa nyingi. Nayo huyatia meno madoa na kubadilisha ladha, kwa hiyo hutolewa kwa muda mfupi. Kemikali nyingi za mimea hazina uwezo huo wa kung'ang'ania.

Ubora wa kijiti pia hubadilika. Kemikali inayoruka hewani hupungua kijiti kikikauka. Kilichowekwa juani mnadani kwa siku nyingi hubaki brashi tu. Mti wa mbuga na wa mlimani, wa masika na wa kiangazi, si lazima iwe na nguvu moja.

Tena hakuna mmea kati ya hii uliothibitishwa kufanya kazi ya floridi, yaani kulisaidia jino kurudisha madini yaliyopotea na kuliimarisha dhidi ya tindikali. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu. Anayetegemea kijiti kitupu huku akinywa soda kila siku ana kinga ya fizi na pengo upande wa meno.

Maji, zebaki na sukari

Hapa ndipo Shinyanga na Geita zinapodai majibu yao zenyewe.

Kwanza maji. Shinyanga ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo baadhi ya maji yake ya ardhini yana floridi nyingi, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Singida na Mara. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajiunda ndani ya taya huota meno yenye mabaka meupe, ya kahawia, hata vishimo. Doa hilo limo ndani ya jino. Kulisugua kwa mkaa, mchanga au kijiti kikavu kunakwangua jino na kuliacha doa palepale, na ni jambo la kusikitisha kuona kijana akijichubua kwa aibu ya kitu kisicho uchafu. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga, uliozinduliwa mwaka 2009, ulileta maji yenye floridi kidogo, na kwa hiyo ni mradi wa meno pia. Palipo na visima vyenye floridi nyingi, mtoto mdogo apakwe dawa ya meno kidogo sana, kiasi cha punje ya mchele, na asimamiwe ateme. Mtu mzima, ambaye meno yake yamekwisha kujiunda, hana sababu ya kuikwepa.

Pili zebaki. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo kama Rwamgasa na Nyarugusu, dhahabu hukamatwa kwa zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu, kisha mchanganyiko huchomwa na mvuke wake kuvutwa. Mradi wa kimataifa wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, uliwapima wakazi wa Rwamgasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Sumu ya zebaki huonekana kinywani pia: mate kujaa, ladha ya chuma, fizi kuvimba na kutoka damu, meno kulegea. Mchimbaji mwenye dalili hizo akiambiwa asugue zaidi au atafune mti mchungu zaidi, anacheleweshewa msaada. Kwenye machimbo, daktari aanze kwa kuuliza kazi ya mgonjwa na mahali anapochomea dhahabu. Naye mchimbaji asikikate wala kukitafuna kijiti kwa mikono iliyotoka kushika zebaki.

Tatu sukari. Wazee waliobaki na meno mazima walikula mtama, uwele, maziwa na mlenda, na sukari ya dukani ilikuwa adimu. Sifa ile tunayoupa mti, sehemu kubwa ilikuwa ya chakula. Leo kambi ya uchimbaji ina soda, vinywaji vya kuongeza nguvu, biskuti, na chai tamu ya mama lishe tangu alfajiri. Kila unywaji huanzisha tindikali inayochukua nusu saa hadi saa nzima kutulia. Anayekunywa chupa moja kwa mafundo madogo tangu asubuhi hadi jioni huliogesha jino tindikali siku nzima. Hakuna tanini itakayoshinda ratiba hiyo.

Mahali ambapo mmea hudhuru

Kuheshimu tiba asili ni pamoja na kutaja madhara yake. Kikwilu na Hiza waliandika mwaka 1997 kuhusu imani ya "meno ya plastiki", ambapo mtoto mchanga anayeharisha au mwenye homa husuguliwa fizi kwa dawa za mitishamba au kung'olewa vichipukizi vya meno. Vile vinavyoonekana kama plastiki ni meno yanayokuja. Mtoto hupoteza meno, hupata maambukizi, na kuharisha kwake hakujatibiwa. Mafuta ya mwarobaini nayo yakimezwa na mtoto mdogo yanaweza kumletea sumu. Kijiti ni cha mtu anayeweza kukishika mwenyewe na kutema.

Ngitili ndiyo duka la dawa

Mazungumzo ya kemikali za miti hayana maana miti ikiisha. Shinyanga ilifyekwa kwa kuondoa mbung'o, kwa mashamba ya pamba, kwa kuni na kwa mifugo, mpaka miaka ya 1980 ikaitwa jangwa la Tanzania. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kudumu hadi 2004, uliijenga upya desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga malisho na vichaka vipumzike. Kutoka takriban hekta 600 mwaka 1986, ngitili zilifikia zaidi ya hekta 300,000, na sheria zake zilisimamiwa na vijiji wenyewe kupitia dagashida (mkutano wa jamii) na sungusungu (walinzi wa kijiji). Mwaka 1999 Dery, Otsyina na Ng'atigwa walichapisha uchunguzi wa miti ya dawa mkoani humo, wakaorodhesha zaidi ya spishi 300 zinazotumika kwa tiba.

Utajiri huo sasa unavutwa na mkaa na matimba ya kuzuia maduara yasiporomoke. Mtafuta mswaki naye ana wajibu wake. Kuchimba mzizi au kubandua gome la mlungulungu kuzunguka shina lote huua mti. Tawi dogo hukatwa na mti ukaendelea kuishi.

La kufanya

Elimu ya kinywa shuleni na machimboni ifundishe kijiti waziwazi badala ya kujifanya hakipo: kiwe kibichi, kilainishwe vizuri, kisugue taratibu kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, kifike magego na upande wa ndani, na kisiazimwe. Usiku, kabla ya kulala, itumike dawa ya meno yenye floridi. Inaweza kupakwa hata kwenye kijiti.

Utafiti nao una pengo linaloonekana. Majaribio mengi ya maabara yamepima dondoo, na mengi ya vinywani yamelinganisha kijiti na brashi. Kinachohitajika zaidi ni kulinganisha kijiti na kijiti: kundi moja litumie kibichi cha mti unaojulikana, jingine litumie cha mti huo huo kilichochemshwa mpaka dawa imetoka, fizi na ukoga vipimwe kwa miezi na mpimaji asiyejua nani ametumia kipi. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, iliyoanza kama kitengo mwaka 1974, ina ujuzi wa miti. Hospitali ya Bugando iko Mwanza, karibu na wahusika. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imekwisha kutoa mahali pa mganga mezani.

Matokeo ya jaribio la namna hiyo yangetulazimisha tuchague. Kijiti kibichi kikishinda, Usukuma ina dawa inayostahili kuhifadhiwa, kuandikwa kwa jina la walioijua kwanza, na kuwalipa faida ikitengenezwa kiwandani. Vikilingana, basi tuna brashi ya bure inayoota ngitilini, na wajibu wetu ni kufundisha mikono na kupeleka floridi kwa kipimo kinachofaa kila kisima. Kwa sasa la pili ndilo lenye ushahidi wa kutosha kutuanzisha, na halihitaji kusubiri maabara yoyote.